Mama wa Dirisha la Pili

Felista, karani wa dirisha la kwanza, hahitaji kuambiwa kwamba karani mwenzake, mama wa dirisha la pili, anakaribia likizo. Anausikiliza mhuri tu. Unatua mezani kama nyundo, na "Anayefuata!" inatoka bila macho kuinuka. Siku hizo hata shikamoo huitikiwa kwa kidevu. Kisha mama hupanda kwao, juu Uluguruni, akashinda shambani analima kabichi. "Likizo gani hiyo ya jembe?" Felista humtania, yeye ambaye miaka inapita hajaomba ya kwake.

Safari hii alirudi Jumatatu, kucha bado zina udongo, mhuri ukitua polepole kama anayemfunika mtoto shuka. Kila mtu aliulizwa habari za nyumbani. Halafu, kwa kusahau kabisa yuko wapi, akaweka viganja mdomoni akaita kama wanavyoitana kule kutoka mteremko hadi mteremko: "Anayefuataaaa, eeeh!" Bosi akachungulia mlangoni. Mama akaziba mdomo kwa aibu. Ndipo kule mwisho wa foleni bibi mmoja mwenye tenga la karoti akainua shingo, akaitika kwa mlio uleule: "Eeeeh! Nakujaaaa!"

Watu waliangua kicheko, bosi naye. Felista alicheka mpaka machozi, kisha akamuwahi bosi kabla hajafunga mlango.

"Bosi, na mimi naomba likizo."

"Ya mwaka huu?"

"Tuanzie ile ya zamani kabisa."