Beki Asiyekosa Kupangwa

Watu wengi wanaocheza fantasi huanza na washambuliaji. Mimi huanza nyuma. Nachagua mabeki kwanza, tena kwa makini kuliko mtu anayechagua mchumba, kisha zikibaki nafasi ndipo nawatafuta hao wafungaji ambao kila mtu anawajua hata kama hajawahi kuangalia mpira.

Mchezo wenyewe si mgumu. Unachagua wachezaji wa kweli wa ligi ya Uingereza, unawapanga kwenye simu kama timu yako, na wanachokifanya uwanjani wikendi kinageuka pointi zako. Beki akimaliza mechi bila timu yake kufungwa, unapata pointi. Siku hizi wanahesabu mpaka mipira anayoiondoa kwa kichwa na mashuti anayoyazuia kwa mwili wake. Sheria hiyo ilipoingia nilicheka peke yangu. Niliona ligi hatimaye imeamua kuwaheshimu mabawabu.

Maana mimi ni bawabu. Nalinda jengo la ghorofa Jumeirah Village Circle, Dubai, zamu ya mchana, na msimu ninaousimulia tulikuwa watatu. Kulikuwa na jamaa wa Mombasa aliyekaa mapokezi kwa sababu ana maneno matamu na tabasamu la kuuzia manukato. Kulikuwa na Mganda mpole aliyesimamia geti la magari. Na mimi, mwanamke wa Nyahururu, niliyezunguka ghorofa zote na kusimama mlango wa nyuma ambako mizigo hupitia. Sikuuchukia ule mlango. Hakuna aliyepita pale bila mimi kujua anakokwenda.

Kila asubuhi msimamizi wetu alizifungia simu zetu kabatini. Tulizipata wakati wa chakula, zikarudi ndani hadi jioni. Mtu mwenye simu mkononi kutwa anaweza kusubiri habari: fulani kaumia, fulani kapumzishwa, akambadilisha dakika ya mwisho. Mimi sikuwa na nafasi hiyo. Nilihitaji wachezaji wa kuwaacha peke yao, kisha nikute kazi zao zimefanyika. Kabati lile ndilo lililonifundisha mpira.

Mwezi wa pili msimamizi alituita. Agosti wapangaji wengi hukimbia joto, nyumba zinabaki tupu, na kampuni haikutaka walinzi wawili waondoke kwa pamoja.

"Mmoja tu Agosti," alisema. "Mkubaliane wenyewe. Khalas, yameisha."

Mganda hakuwa na shida, yeye huenda Krismasi. Jamaa wa Mombasa aliitaka Agosti kwa sababu ya harusi ya binamu yake, na kwa alivyoieleza ungedhani bila yeye bibi harusi asingetoka chumbani. Mimi niliitaka kwa sababu ya binti yangu. Ana miaka minane, anakaa na mama yangu, na shule yao hufunga muhula mwanzoni mwa Agosti kwa sherehe ndogo. Watoto huimba, na kila mtoto huingia na mtu wake mmoja, kwa kuwa ukumbi hautoshi. Miaka iliyotangulia aliniuliza kama nitakuja, nikamjibu tutaona. Safari hii nilimwambia nakuja. Nilimwambia kabla sijaipata likizo, na nilikusudia iwe kweli.

Tulibishana wiki nzima. Mwishowe Mganda alichoka.

"Si mko kwenye ligi moja ya fantasi nyinyi?" alisema. "Basi iache ligi iamue. Mwenye pointi nyingi mwisho wa msimu achukue Agosti. Yalla, mniache nipumzike."

Jamaa wa Mombasa alikubali haraka sana. Alikuwa ameniacha nyuma kwa mbali, na tabasamu la manukato likarefuka.

Sikuhofu. Nusu ya kwanza ya msimu mtu yeyote anaweza kuongoza. Mwisho wa msimu ndipo mabeki wanapojulikana, na watu hawaangalii. Wanaangalia jina. Mimi niliuliza kwanza, huyu anapangwa kila wiki, hata akichoka, hata wakicheza mara mbili ndani ya siku chache? Kisha niliangalia timu yake kama bado ina sababu ya kukimbia. Timu iliyokaa katikati, isiyoshuka wala kuchukua kombe, miguu yake iko uwanjani lakini akili iko likizoni. Timu kubwa yenye fainali mbele humpumzisha nyota wake bila kukuomba ruhusa. Beki aliyebakiza kadi moja ya njano afungiwe nilimwacha, hata angekuwa mzuri namna gani. Na zaidi ya yote nilimtazama wakati mpira uko mbali naye. Bawabu hapimwi foleni ikiwa ndefu mlangoni. Mtazame saa ambayo hakuna anayepita, uone kama amesimama au anaegemea ukuta.

Kwa macho hayo nikampata mmoja. Alikuwa mrefu, mzito wa kugeuka, wa timu iliyokuwa inapigania isishuke daraja. Maji yalikuwa yamewafika shingoni na kila wiki walishambuliwa kama mzinga wa asali. Lakini yeye hakukosa kupangwa hata mara moja, na kila krosi iliyoingia, kichwa chake kilikuwa hapo kuipokea. Hata timu yake ilipofungwa, yeye aliniletea pointi kwa ile mipira aliyoiondoa.

Jamaa wa Mombasa alipoiona timu yangu wakati wa chakula alishika kichwa.

"Dadangu, huyu ni nani? Hata krosi hajui kupiga."

"Sikumwajiri apige krosi."

"Wallahi wewe wachagua wachezaji kama waajiri mabawabu."

"Ndiyo. Na mabawabu wabaya nawajua, mmoja anakula biriani mbele yangu."

Mganda alicheka hadi akapaliwa. Jamaa mwenyewe alicheka pia, lazima niseme hivyo, kwani hakuwa mtu wa kununa. Lakini mapenzi yake yalikuwa kwa beki wa pembeni wa timu kubwa, kijana wa kupanda mbele na kupiga krosi tamu, ambaye kurudi nyuma kwake kulitegemea hali ya hewa. Nilimwambia kijana yule atamwangusha. Akaniambia nina wivu.

Mwisho wa Machi Uingereza husogeza saa mbele. Dubai haisogezi chochote. Msimu wote wa baridi tulikuwa na raha: mlango wa kubadilisha timu ulifungwa saa tisa mchana, na sisi tulipata simu zetu saa nane na nusu. Jamaa alizoea kula huku akipanga timu, kijiko mkono mmoja, simu mkono mwingine. Saa zikasogezwa, mlango wa timu ukawa unafungwa saa nane. Mimi nilikuwa nimepanga yangu alfajiri ndani ya basi linalotutoa kambini Jebel Ali, kama kawaida yangu.

Jumamosi hiyo aliketi, akaosha mikono, akafungua simu amtoe kijana wake aliyeumia mazoezini. Mlango wa timu ulikuwa umeshafungwa.

"Aaa! Si bado nusu saa?"

"Waingereza wamesogeza saa," nilisema, nikaendelea kula.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukunambia!"

"Hukuniuliza."

Aliisukuma simu kando, akaivuta sahani yake. Angeniomba maji ningempa. Angeniomba nimshikie zamu ningemshikia, na nimewahi. Lakini ile ilikuwa Agosti, na Agosti ilikuwa ya mtoto wangu. Sikuona haya na mpaka leo sioni.

Kutoka hapo nilianza kumkaribia. Wiki hii pointi chache, wiki ijayo chache tena. Yeye alikuwa na wiki za kelele ambapo kijana alitoa krosi ikawa goli na mapokezi pote pakajua. Mimi wiki zangu zilikuwa kimya, lakini zote zilikuwa na kitu. Tulipofika Jumapili ya mwisho alikuwa bado mbele yangu, kidogo sana, na usingizi wake haukuwa kama zamani. Wangu ulikuwa vilevile. Mganda aliniuliza kama siogopi, nikamwambia nitaogopa nini na kazi nimeshaimaliza.

Siku ya mwisho mechi zote huanza pamoja. Zamu ilipoisha basi likatushusha Jebel Ali, tukaenda watatu kwenye mkahawa ulio karibu na kambi yetu, ambako mwenyewe huweka televisheni juu ya friji la soda. Vikosi vilikuwa vimetoka. Jamaa aliangalia simu yake, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Nini?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Wamemweka benchi."

Timu ya kijana wake ilikuwa na fainali wiki ile. Nilikuwa nimemwambia. Sikumkumbusha kwamba nilimwambia, na hilo lilinigharimu nguvu nyingi.

Beki wangu alikuwa ndani, kama siku zote. Timu yake ilihitaji sare tu isishuke, na walicheza kama watu waliofungiwa mlango kwa nje. Krosi, kichwa. Kona, kichwa. Shuti likamgonga kifuani akaanguka, akainuka, akarudi mahali pake. Hakuna goli kwao, hakuna goli kwetu. Nilisema kwetu, ndiyo. Mganda alikuwa ameshika kiti. Mimi nilikuwa nakunywa chai ya maziwa.

Dakika za mwisho kocha wa ile timu kubwa akamwingiza kijana. Jamaa alipiga meza kwa furaha, na mimi nikajua nimeshinda. Angebaki benchi mpaka mwisho, beki wa akiba kwenye timu ya jamaa ya simuni angechukua nafasi yake, na pointi zake zote zingehesabiwa. Lakini akiingia, hata kwa kupunga mkono tu, nafasi ni yake. Alipata pointi moja. Jamaa aliielewa hesabu hiyo filimbi ilipolia, na uso wake ukashuka polepole.

"Umenishinda na mtu asojua krosi," alisema.

"Alikaa mlangoni."

"Haya, nenda. Harusi nitaiona kwa video." Kisha, kwa kuwa si mtu wa kununa, siku niliyoondoka aliniletea boksi la tende. "Mpe mtoto. Mwambie ni kutoka kwa mjomba aliyeonewa."

Nilifika Nyahururu siku moja kabla ya sherehe. Baridi ilinipokea vizuri. Binti yangu alikuwa amerefuka kuliko simu ilivyonionyesha, akanikumbatia kiunoni kwa nguvu, akala tende mpaka mama yangu akamnyang'anya boksi. Jioni nilimuuliza iko wapi kadi ya kuingilia kesho.

Alimtazama mama yangu, ambaye yeye humwita Shosho.

"Nilimpatia Shosho."

"Si nilikwambia nakuja? Si nilikutumia hata picha ya tiketi?"

"Ulisema." Hakuwa na hasira wala aibu, alikuwa ananieleza tu. "Lakini mwalimu alisema tuchague mtu ambaye atakuja kweli. Shosho hakosangi."

Mama alianza kuitoa kadi mfukoni mwa leso. "Chukua, wewe ndiye mama yake."

Iliniuma. Iliniuma hata nikasimama nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Nilitafuta hoja ya kumpinga yule mtoto, mimi ambaye sikosi hoja, nikaikosa. Alikuwa amechagua kama nilivyochagua mimi msimu mzima. Ningekuwa mahali pake ningempanga shosho na nisingefikiria mara mbili.

Nilirudi nikamwambia mama aiweke kadi yake, na kesho avae viatu vizuri.

Asubuhi nilikwenda nao. Mlangoni mwa ukumbi bawabu wa shule alinyoosha mkono. "Kadi, mama?"

"Sina. Naomba nisimame hapa mlangoni tu."

Alinitazama miguu, mabega, mikono niliyoifunga nyuma. "Wewe pia ni soja?"

"Ndiyo. Wa Dubai."

"Basi simama upande huo," alisema, "mimi nashika huu."

Tukasimama. Niliwaona wakiimba, nikaiona sauti ya binti yangu kwenye mdomo wake kabla sijaisikia. Kwanza alimtafuta Shosho kwenye viti, akamwona. Halafu akatazama mlangoni, akaniona, akasahau mstari mmoja mzima. Nilijawa na furaha kiasi kwamba bawabu mwenzangu alinipa kitambaa nifute macho.

Ilipoisha alinijia mbio.

"Ulisimama tu wakati wote?"

"Wakati wote."

"Haukuketi?"

"Sikuketi."

Akafikiri. "Na mwaka ujao utakuja?"

Najua nani atapangwa Jumamosi kabla kocha wake hajafungua mdomo. Neno tutaona lilikuwa tayari ulimini, nikalimeza.

"Sijui," nilimwambia.

Akanivika mkoba wake begani nimshikie, akaenda kumtafuta Shosho.