Mbuzi Wanaoitwa kwa Majina

Nilipokuwa mtoto pale Gatuanyaga, kuna usiku mbuzi alilia mara moja tu, karibu kama mtu, halafu kukawa kimya, na kile kimya ndicho kilichotuamsha. Nililala kitanda kimoja na shosho, mama ya mama yangu. Aliketi, akatafuta viatu vyake gizani.

Jioni hiyo Anko Kamau, kitinda mimba wake, alikuwa amekuja kutoka Thika, alikofanya kazi kiwandani, na akasimama kwenye mlango wa zizi akahesabu mbuzi kwa sauti, kidole kikiruka mgongo hadi mgongo. Shosho alimkataza. Kwetu mifugo haihesabiwi hivyo, watoto pia hawahesabiwi, ukiwataja kwa idadi unakaribisha kifo kije kichague.

"Ukihesabu unampimia fisi," alimwambia.

"Mathe, fisi wa huku walihama kitambo," anko akacheka. "Siku hizi wamepanga nyumba mjini, Mwihoko."

Sasa usiku akaja na tochi, akahesabu tena. "Wako sawa. Idadi ni ile ile. Rudini mlale."

Shosho hakurudi. Alianza kuwaita, Njeru, Shingo, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa akaja akaguswa pua. Alipomwita Kairu hakuna aliyekuja. Katikati yao kulikuwa na mbuzi wa jirani, ameingia kwa pengo lile lile la ua Kairu alilotokea. Idadi ilikuwa sawa lakini mbuzi hawakuwa sawa, na maziwa ya Kairu ndiyo ndugu yangu mchanga alikuwa akinywa, kwa sababu maziwa ya mama yalikuwa yamekauka. Mama alisimama mlangoni na mtoto begani, akituangalia.

Tulimpata Kairu kwenye ua, seng'enge shingoni, bado anapumua. Anko aliifungua kwa mikono mpaka ikamkata. Asubuhi mtoto alikunywa.

"Umeona, fisi wako ni waya," anko akasema.

"Na huyo fisi ni nani alimwita?" shosho akamjibu.

Leo mimi ndiye niliyepanga Mwihoko. Nilipomaliza fomu foo, akina mama wa kikundi cha mbuzi kule nyumbani walinipa kompyuta yao kuukuu, wakasema mtoto wa boma la shosho ndiye atajua kuitumia kwa kazi yao, nami nikajifunza kuandika programu katika ukumbi wa kanisa Ruiru, mimba ikiwa kubwa, nikiogopa kila kitu. Tuliyesoma naye, kijana wa Mugutha, aliniambia nianze na idadi ya mbuzi, iwe juu kabisa ya skrini. Nilikataa. Programu yangu huuliza kila jioni kwa jina, na majina hurithiwa: Kairu yuko? Asiyejibiwa anageuka mwekundu. Jumla haionekani popote. Kijana yule nilimweleza ile habari ya mbuzi wa jirani, na ni ya kweli, lakini kweli nyingine ni kwamba naogopa, kuna mtoto amelala nyuma yangu ninapoandika, na nesi wa kliniki akiniuliza nina watoto wangapi namtajia majina tu, naye anazoea.

Ila ndani mashine huhesabu. Haiwezi kufanya kazi bila hiyo. Nilipompelekea shosho aione kwenye simu yangu, aliigeuza simu, akaitazama nyuma kama mtu anayekagua ukwato.

"Hiki kitu kinahesabu?"

"Kinahesabu, shosho. Lakini hakisemi."

Alicheka kidogo. "Basi ni kama mimi."

Nilidhani anazungumzia mbuzi. Alinivuta sikio karibu na mdomo wake, akaninong'oneza idadi ya watoto aliowazaa, wote, hata wale ambao sisi hatukuwahi kusikia majina yao. Ilikuwa kubwa kuliko tulivyojua. Nilimshika mtoto wangu kwa nguvu mpaka akalia. Nikamwahidi shosho kwamba hiyo idadi itakaa na mimi, sitamwambia mtu mwingine, na hata hapa sijaiandika.