Takia la Mgeni

Juzi, kando ya mto hapa Minneapolis, nilimwona kijana mwenye miwani ya jua akiwaendesha watalii kwa baiskeli, nao wakicheka nyuma yake. Niligeuza uso.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, baba alipofunga takia la sofa letu kwenye keria ya baiskeli, kisha akanikalisha mbele, kwenye bomba.

“Papa, takia la nani?”

“La mgeni.”

Tulifuata njia ya mtoni kutoka Fridley, tulikoishi, taratibu, mnyororo ukilia na majani yaliyokatwa yakinukia. Kila tulipomkuta mtu anayetembea, baba alipunguza mwendo, akapiga kengele, akamwonyesha takia. Watu walitabasamu, wakaisifu baiskeli, wakapita. Niliwapungia mkono, nikidhani baba ana marafiki wengi, na kila kona nikamtafuta mgeni wetu.

Sasa najua. Kule Uvira, kabla hatujahamia huku, baba aliishi kwa kubeba abiria kwenye takia nyuma ya baiskeli, na siku ile alikuwa akitafuta wateja.

Tuliporudi alifungua kamba, akalirudisha takia mahali pake.

“Papa, mgeni hakuja?”

Alianza kuikunja ile kamba. Nililikalia lile takia. Lilikuwa la baridi.