Titi Lililotoka Tumboni

Tumbo langu lilikuwa kichekesho cha ukoo mzima. Nililipata kwa watoto wanne na kwa fufu, ule ugali wa muhogo, za Bukavu, nilikokulia kabla hatujarudi ng'ambo hii ya mto Ruzizi. Nikivaa gauni la kubana, dada zangu waliuliza mtoto wa tano anakuja lini. Kwa hiyo siku daktari wa Kigali aliponifinya mafuta ya tumbo kwa vidole viwili, kama mteja anavyopima kitenge dukani kwangu Kamembe, akasema, "Mama, hii ni mali," nilicheka hadi muuguzi akachungulia mlangoni.

Nilikuwa nimekaa miaka mitatu bila titi la kushoto. Saratani ilikuwa imelichukua, nikapona, nikamshukuru Mungu, lakini nilichoka kujaza vipande vya kitenge kwenye sidiria. Siku moja niliinama kutoa jora la chini, kipande kikaporomoka mpaka miguuni mwa mteja, naye kwa adabu zote akaniuliza kama hicho nacho kinauzwa. Nilicheka naye. Nyumbani nililia. Nilitaka titi, basi. Titi langu, la mwili wangu, nioge bila kukipa kioo mgongo.

Daktari alinieleza kwamba atakata ngozi na mafuta chini ya kitovu pamoja na mishipa yake midogo ya damu, avipandishe kifuani, kisha aiunge mishipa hiyo na ya kifuani kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Damu ikipita, nyama inaishi. Isipopita, inakufa, na tumbo lingine sina. 

Baada ya upasuaji wauguzi walikuja kila saa. Waliangalia rangi ya titi, wakaligusa kwa mgongo wa mkono, wakikuta lina joto wanatabasamu, na mimi napumua. Siku ya kuondoka walinionya: titi hili halitahisi kitu kwa miezi mingi, pengine daima, kwa hiyo lisisogelewe na chochote cha moto, maana laweza kuungua huku mwenyewe napiga soga. Nilirudi kwa basi nimekumbatia mto wa kulalia tumboni, kona zote za msitu wa Nyungwe.

Kosa langu ni kwamba nyumbani onyo hilo sikulisema. Jirani zangu waliona mwanamke anatembea ameinama, ana mshono chini ya tumbo, wakafuata desturi: walikuja kunihemba, yaani kunitembelea kama mzazi, na uji wa mtama kwenye thermos.

"Tulikuya kuona mutoto," akasema mmoja. "Iko wapi?"

Nikafungua blauzi. Walipiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Ningeanzaje maonyo ya hospitali katikati ya raha ile?

Kesho yake Maman akashuka kutoka kijijini kwake Mibirizi. Mama yangu huyu amewakanda binti zake wote walipozaa, kwa taulo na maji ambayo mtu mwingine angepikia ugali. Nilikuwa nimelala chali, macho nimefumba, nikimsimulia vituko vya wale jirani, niliposikia mvuke usoni. Taulo lilikuwa limeshafika kifuani.

"Maman, hapana!"

Nilimkamata mkono. Sikuwa nimewahi kumpazia mama yangu sauti maishani mwangu. Taulo lilianguka sakafuni, naye akanitazama kwa uchungu.

"Nilikanda bamama tangu haujazaliwa. Leo unanikataza?"

Nikamweleza yote, nimechelewa. Hakuamini. Akalifinya titi, na Maman anajua kufinya.

"Unasikia?"

"Sisikie kitu."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakamtoka. "Sasa hii ni ya nani?" akauliza.

Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo tangu hospitali. Nikachukua mkono wake, nikaugeuza, nikauweka pale kama wauguzi walivyofanya. 

"Iko moto," akasema. "Inaishi."

Tangu siku hiyo kazi ya wauguzi akaichukua yeye. Alikaa kwangu mpaka nikaweza kusimama wima, na kila asubuhi, kabla hata ya salamu, mkono ulikuwa ndani ya blauzi yangu. Alipokuja kunitembelea baadaye alifanya vilevile, popote aliponikuta. Nilimgombeza, tukacheka, akaendelea.

Msimu wa mvua uliofuata aliingia dukani ametoka sokoni kununua sambaza, dagaa wa ziwani, amelowa. Alimsubiri mteja aondoke, akafunga mlango, akapitisha mkono ndani ya blauzi mpaka kwenye titi la kushoto, bila kuomba ruhusa. Niliruka.

"Maman! Mukono yako iko baridi!"

Tulitazamana. Mkono hakuutoa.

"Sema tena," akasema.