Mwalimu anayehesabu mablanketi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mwalimu Émerance Ngosa amesimama kwenye lango la shule ya msingi Tujenge, katika komini, yaani manispaa, iitwayo Kenya mjini Lubumbashi, Kongo, daftari mkononi. Akina mama wamekwisha kupanga foleni, kila mmoja na mtoto aliyesuguliwa mpaka anang'aa.

"Simama ku ukuta, baba. Kichwa sawa," anamwambia mvulana wa kwanza. "Pitisha mukono juu."

Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Vidole vinagusa sikio la kushoto, basi amefikisha miaka sita. Émerance anaandika jina na kumwonyesha darasa.

Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha wengi hapa, maana karatasi zenyewe hazipo. Na usidhani hakina wajanja wake.

"Bamama banafundisha batoto kuinamisha kichwa," anasema huku akicheka. "Mutoto wa miaka ine akiinamisha, sikio anaishika. Ndiyo maana mi nabaweka ku ukuta."

Anacheka, lakini moyo haujatulia. Ukurasa wa mwisho wa daftari lile una majina thelathini na moja. Ni ya watoto aliowarudisha nyumbani siku kama ya leo, mwaka jana.

Émerance ana miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati yake ameimaliza akifundisha darasa la kwanza. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa bure, watoto wamefurika, na wazazi wengi hawaandikishi mapema. Huja siku ileile ya kufungua, wakiamini nafasi ipo tu. Kwa hiyo kila likizo mwalimu hupita mtaa kwa mtaa akipima mikono, ili mkurugenzi wa shule ajue la kupanga.

Mwaka jana alihesabu 138. Vyumba viwili, watoto sabini kila kimoja. Wangebanana, lakini wangeenea. Siku ya kufungua wakaja 171.

"Hesabu ilikuwa yangu," anasema. "Directeur aliniamini. Na ni mi nilisimama ku mulango nikaambia bamama, rudini nabo. Mutoto moja, Benita, alikuwa na viatu vya mupya. Hakulia. Aliniangalia tu. Mi ndiyo nililia."

Benita akakaa nyumbani mwaka mzima.

Kosa lilitoka wapi? Hilo Émerance alikuja kulijua Agosti hii, uani kwa Mama Chama, bibi yake Benita. Mama Chama ni muuza mboga, na nyumbani kwake ni yeye na mjukuu huyo tu. Mwalimu alikuwa amekwenda kuomba radhi tena. Akakuta mablanketi manne yameanikwa kambani, yanachuruzika maji.

"Nikamuuliza, Mama, munalala babili tu, ile ingine mbili ni ya nani? Akaniambia, batoto ba Chisanga banakuja ku masomo."

Chisanga ni mtoto wa Mama Chama, mchimbaji wa madini kule Kambove. Hapo mwalimu akapigwa na butwaa. Wachimbaji wengi huwaleta watoto kwa bibi zao mjini wiki ya mwisho ya Agosti. Julai, yeye anapopita kupima mikono, mikono hiyo bado iko Kambove!

Kuuliza si ujinga. Alirudi mitaani upya, safari hii akichungulia kamba za nguo. Kila penye mablanketi mengi kuliko watu alibisha hodi, akauliza nani anakuja, na kama meno ya mbele yameanza kung'oka. Majirani wakamtania kwamba mwalimu amegeuka dobi. Alimaliza na watoto 212.

Mkurugenzi, Édouard Mwenya, alikuna kichwa. Ili waenee, darasa la kwanza lilipaswa kuingia kwa zamu, asubuhi na mchana. Lakini mchana vyumba vile vilikuwa vya darasa la tano, ambalo lingelazimika kuhamia ukumbi wa kanisa la jirani.

"Nilimuuliza, na ukikosea tena?" anakumbuka Édouard. "Akanijibu, nikikosea, mi nitafundisha benye kubakia, inje, ku jua. Nikasaini."

Zamu ya asubuhi imeingia watoto 104, na kila mmoja amepata pa kukaa. Saa saba zamu ya mchana ina 102, na foleni imekwisha. Kwenye ukurasa wa mwisho majina ishirini na saba yametiwa alama. Matatu ni ya familia zilizohama baada ya hesabu ya Agosti. Limebaki moja.

Émerance anaeleza mipango yake, macho yako barabarani. Mwakani anataka kuanza kuhesabu mwezi wa tano, na kwa hesabu hiyo kuomba vyumba viwili vya matofali nyuma ya shule.

"Batoto habatapunguka," anasema. "Lakini tukibajua mbele, habatatutisha."

Hapo ndipo Mama Chama anapotokea, jasho linamtiririka, na watoto watatu nyuma yake.

"Utusamehe, mwalimu. Gari ya Kambove ilikufa mu njia. Benita alikataa kuja bila ndugu zake."

Benita amevaa viatu vilevile vya mwaka jana. Vimekatwa mbele ili vidole vipate nafasi. Bila kuambiwa anakwenda ukutani, kichwa sawa, anapitisha mkono juu. Vidole vinalipita sikio mpaka shavuni.

"Shusha mukono, mama," anasema Émerance, akilitia alama jina la mwisho. "Weye, jina yako iko humu tangu mwaka ilipita. Ingia."

Watoto 209. Mwalimu anachungulia barabara upande huu na upande ule, anashusha pumzi, kisha anafunga lango. Nje hakubaki mtu.