Kamba ya Jeconia Odero

Kuna watu hapa Kebirigo wanaosema Jeconia Odero alikuwa mwoga. Waseme mbele yangu, wataniona! Mimi, Loice, nilikuwa nauza uji na mandazi mlangoni pa nyumba ya kukaushia maua ya pareto, na Odero alikuwa mlinzi wa moto humo ndani. Nilimwona kila siku ya kazi kwa miaka mingi. Alikuwa Mjaluo wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, mchache wa maneno, na mbishi hata akakuchosha.

Wakati wa vita vya Hitla alikuwa askari, akawekwa kwenye kikosi cha kulinda maghala ya mafuta yasishike moto. Alirudi na mazoea yaliyotuchekesha. Pareto yetu ilikaushwa kwa joto la makaa, kwa hiyo alipanga ndoo za mchanga ukutani, na ole wako uuguse. Siku moja nilichota kidogo nikasugulie sufuria. Ala! Nilisemwa mpaka uji wangu ukaungua jikoni.

Lakini jambo lililowashangaza watu zaidi lilikuwa kamba. Nyumba zetu zilikuwa za nyasi, na ikiwaka moja, kila mtu alijitosa ndani kuokoa chochote, hata kuku. Odero alikataza kabisa. Anaingia mtu mmoja tu, amefungwa kamba kiunoni. Wa pili anabaki nje, ameishika kamba hiyo, macho kwenye boriti ya paa. Boriti ikianza kuinama, anavuta. Akivuta, wa ndani anatoka, awe amepata kitu au hakupata.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Ombati, mkaushaji wa pareto, Mgusii kama mimi, mwembamba na mwepesi. Ombati huingia, Odero hushika. Na kabla ya yote Odero aliuliza, "Nyumba ya nani?" Watu walimcheka: moto unawaka, huyu anauliza ukoo! Lakini alikuwa na sababu. Zamani alimtuma mzee mmoja ndani, mzee akaganda mlangoni kwa kuwa ilikuwa nyumba ya mwanawe. Kwetu kuna chinsoni, heshima kati ya wazazi na watoto, na baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwana aliyeoa. Tangu siku hiyo Odero aliiweka chinsoni yetu pamoja na kanuni zake za jeshini. Mgeni yule alituheshimu kuliko tulivyomheshimu.

Kiangazi kimoja, mchana, mtu alikuwa anachoma mabua shambani. Upepo ukabeba cheche mpaka juu ya paa la Walter, mtoto wa Ombati. Walter mwenyewe alikuwa Kericho akichuma chai, na mkewe, Tryphosa, alikuwa mtoni. Tulipofika mbio, Tryphosa naye alikuwa anafika, mtungi ameuacha njiani, anapiga mayowe. "Mtoto yumo! Mtoto wangu amelala ndani!"

"Nyumba ya nani?" Odero aliuliza kwa mazoea. Kisha akamtazama Ombati, baba wa mwenye nyumba.

Ombati alikuwa ameshajifunga kamba, lakini miguu haikusogea. Sisi wanawake tulimpigia kelele aingie, mambo ya mila yatatengenezwa baadaye! Odero akamfungua kamba, akajifunga yeye. "Ndugu yangu, ukisita mlangoni tutapoteza watu wawili. Naingia mimi. Wewe shika."

Akaingia akitambaa. Moshi ukammeza, tukabaki kuitazama kamba ikiteleza mikononi mwa Ombati. Halafu boriti ikainama. Tuliiona sote, na Ombati aliiona. Tryphosa akamrukia baba mkwe wake, akamng'ang'ania mkono, jambo ambalo mkamwana kwetu hathubutu. "Baba, usivute! Ngoja kidogo! Baba, nakuomba!"

Ombati akavuta. Alivuta huku analia kwa sauti, mtu mzima yule, na kamba ikaja.

Odero akatoka, mikono imeungua vibaya, mitupu. Hata hajasimama, paa likaanguka lote. Tryphosa akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Umevuta vizuri," Odero akamwambia Ombati. Haki ya Mungu, nilitaka kumzaba kofi.

Baada ya mazishi Ombati aliapa kwamba hataishika kamba tena maishani. Maneno yakazagaa sokoni: Ombati angengoja kidogo tu, Odero angejikaza kidogo tu. Odero alikwenda kwa Tryphosa, mikono imefungwa vitambaa, nami nikafuatana naye.

"Sikumfikia, mama," alisema. "Nilimsikia akikohoa, kisha sikumsikia tena. Kamba isingevutwa nisingetoka, na yeye asingetoka."

Njiani tukirudi nilimgombeza Odero. Kwa nini asimdanganye, aseme mtoto alikuwa usingizini, hakujua kitu?

"Angejua ninamdanganya," alisema. "Halafu angeanza kuwaza ni yapi mengine niliyomdanganya."

Vidole vyake vilipona vimekunjamana. Uji wangu alikunywa kwa kukumbatia kikombe kwa viganja, na kushika kamba hakuweza tena. Ilibaki imening'inia kwenye msumari juu ya zile ndoo.

Kiangazi kilichofuata ikawaka nyumba ya Bosibori, mjane mzee, karibu na soko, naye yumo ndani. Tulikimbia sote na vikapu vyetu vya maua ya pareto. Odero akaja na kamba begani. "Nyumba ya nani?"

"Ya Bosibori," Ombati akasema. "Hii naweza kuingia." Akajifunga. "Lakini nani atashika?"

Wanaume wakatazama chini. Wale wale wa maneno sokoni, hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Mimi pia nilirudi nyuma, kwa sababu nilijijua: nisingevuta.

Tryphosa akaweka kikapu chini. Akaja, akaichukua kamba, akaizungusha kiganjani kama alivyoona inafanywa.

"Ingia, Baba," alisema. "Mimi nitavuta."

Ombati alimtazama kidogo, kisha akaingia. Odero alisimama kando ya Tryphosa, macho kwenye boriti. Ilipoanza kuinama, Tryphosa hakungoja kuambiwa. Alivuta kwa nguvu zote, na Ombati akatoka kinyumenyume, amemkumbatia Bosibori, wote wawili wanakohoa.

Tryphosa akaiacha kamba ianguke. Hakumtazama baba mkwe wake usoni, maana chinsoni ilikuwa imerudi mahali pake. Alisema akitazama ardhi, lakini sote tulisikia.

"Hata wewe, Baba, siku ile ulivuta vizuri."