Ukuta wa Bibi Nilioufunika kwa Saruji

Juzi nilipita Genkuru nikaona mama mmoja anakandika nyumba kwa samadi mbichi. Harufu ile, ndugu yangu, ilinisimamisha barabarani na magongo yangu. Nikamwona tena akilini marehemu bibi, mama yake baba, ameinama ukutani kwake Nyakunguru, samadi imemjaa hadi viwikoni.

Kila msimu wa tohara ulipokaribia alikandika upya, kisha akachora. Udongo mweupe tulichimba mtoni, mwekundu kwenye kichuguu, mweusi ulikuwa mkaa wa kusaga. Kazi yangu ilikuwa kutafuna vijiti viwe brashi, mpaka uji wa ulezi ukakosa ladha mdomoni. Alichora ng'ombe, ngao, wageni wanakuja na vibuyu. Akanipa kona yangu karibu na mlango. "Mura," akaniambia, yaani kijana, "huyo ng'ombe wako ana miguu ya kuku. Mwache hivyohivyo, atatembea."

Shuleni nilichora ubaoni. Mwalimu wa darasa la tano akanichapa mbele ya wenzangu, akasema ng'ombe hawafaulishi mtu. Sijamsamehe. Mwaka huohuo niliacha shule, nikaenda Tarime mjini kuandika mabango ya bucha na saluni. Baadaye nikajifunza kompyuta, nikawa fundi wa kusanifu matangazo. Miaka ishirini nachora nilichoagizwa.

Bibi alipokwisha kufariki, zikaja habari kwamba nyumba zitathaminiwa, watu walipwe wahame kupisha mgodi. Kijiji kizima kikaanza kutegesha, yaani kujengajenga haraka ili wathamini wakute mali. Baba mdogo akaniita. "Fundi, piga saruji ukuta huo, upake rangi ya krimu. Nani atalipia picha za ng'ombe?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Baba mdogo ndiye mkosaji, nasema wazi, lakini mwiko niliushika mimi. Wathamini wakaishia ng'ambo ya kijito. Kwetu hawakufika.

Mwaka jana nilianguka kutoka juu ya bango, nyonga ikavunjika. Sikufa, ila kazi iliishia pale. Kitandani nikaanza tena kuchora kwa mkaa. Nilitaka kitu kimoja tu, ukuta wa bibi, niuweke kwenye karatasi. Ng'ombe wakatoka wamenyooka kama wale wa bango la bucha.

Basi juzi, kutoka Genkuru, niliazima patasi nikaenda hadi Nyakunguru. Shangazi ndiye anayeishi mle sasa.

"Mura, unanibomolea nyumba?"

"Shikamoo shangazi. Nautafuta mkono wa bibi."

Akaniletea kigoda. Nikabandua kipande cha kwanza. Saruji ikaja na udongo wake wote, zikabaki fito tupu. Nyuma ya kile kipande kulikuwa na unga mweupe kidogo. Nilipougusa, ukafutika.

"Acha, mwanangu," shangazi akasema. "Utaniachia matundu tu."

Bado nachora. Waliojua kuchora kuta kwa namna ile nimewaulizia hadi Sirari, naonyeshwa makaburi. Nyumba za kwetu karibu zote sasa ni za krimu, na nyingi nilizipaka mimi.